Mama Mkwe Anamkaribisha Kitatange Ugali

Mpendwa Shangazi Edna,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla samaki wangu hajafa, au kabla sijamvunjia heshima mama mkwe wangu, maana naona moja ya hayo litatokea wiki hii, na mimi sitaki hata moja.

Mimi ni mwalimu hapa Songea mjini, mke wangu Dorine ana duka la vitambaa sokoni, na sebuleni kwetu, pembeni ya meza ya chakula, kuna tangi kubwa la kioo lenye maji ya chumvi, humo anaishi kitatange, yule samaki wa baharini mwenye mistari ya njano na buluu, ambaye nilimtoa Mtwara akiwa mdogo kama kiganja cha mtoto, watu wakanicheka kwamba samaki wa bahari ataishije Songea na baridi yetu hii ya Juni, lakini nilikaza, nikatafuta kifaa cha kupasha maji joto, nikajifunza kupima chumvi, nikampangia mawe ya kujificha, nikamlisha mwani na uduvi, na ameishi, Shangazi, ameishi na kunenepa mpaka wanafunzi wangu wanaomba kuja kumwona.

Sasa mwaka jana baba mkwe alifariki kule Peramiho, na mwezi uliopita mama mkwe akaja kukaa kwetu kwa ajili ya matibabu ya macho, nami nilifurahi kwa moyo wote, ila unajua kwetu mkwe wa kiume hali meza moja na mama mkwe, hata neno la kumwambia linapitia kwa mtu, kwa hiyo tangu aje mimi nakula barazani, na Dorine anakula na mimi kwa sababu chakula cha peke yangu hakinipiti kooni, na mama tunamwandalia vizuri mezani, hakosi kitu.

Tatizo ni kwamba huyu kitatange akiona mtu anakula anakuja mpaka kwenye kioo, anakodoa macho, na mama kwa malezi yake hawezi kutia tonge mdomoni huku mwingine anamtazama, basi anammegea. Namsikia nikiwa barazani. "Karibu, Mzee, tule," kisha chubwi, tonge la ugali limeingia majini, siku nyingine na maharage, na juzi ilikuwa makande. Nilifunika tangi kwa kitenge, niliporudi kutoka kazini nikakikuta kimekunjwa vizuri juu ya kiti, na alimwambia Dorine kwamba mwenzetu hafunikwi watu wakila, kwani kuna msiba humu?

Maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele na yameanza kunuka, samaki amejibanza nyuma ya jiwe, anahema harakaharaka, rangi imefifia, mwani hagusi. Nilimwomba Dorine amkataze mama yake akanijia juu: "Mimi nimkataze mama kutoa chakula? Nimwambie samaki wako ni mkubwa kuliko yeye? Mwambie mwenyewe!" Na mwenyewe ndiyo siwezi, Shangazi, tukikutana mlangoni ananiita "Baba" kwa heshima zote, nami natazama chini mpaka apite.

Nimeshaamua samaki huyu hatakufa mikononi mwangu. Nimefikiria kumwita shemeji aje amrudishe mama Peramiho, hayo macho yatatibiwa baadaye. Je, nitakuwa nimekosea?

Remmy,
Songea

Mwanangu Remmy,

Marahaba. Ndiyo, utakuwa umekosea, tena vibaya. Macho ya mtu hayasubiri tangi litakate. Huyo shemeji usimpigie simu kabisa.

Tuanze na samaki, kwa sababu yeye hana muda. Ukimaliza kusoma hapa, chukua mpira mwembamba unyonye mabaki yote ya chakula, yaliyoko chini na yaliyojificha nyuma ya mawe. Kisha badilisha robo ya maji. Robo, nimesema, usije ukamwaga yote kwa hasira. Maji mapya yawe na chumvi ileile na joto lilelile, la sivyo utamuua wewe mwenyewe halafu umsingizie mama wa watu. Kesho rudia. Mawe na chujio usivisugue kwa maji ya bomba, humo wanaishi vijidudu wanaokula uchafu na sasa unawahitaji kuliko wakati wowote. Pampu ya hewa ifanye kazi mchana na usiku. Na maji yakipungua kwa kukauka, jazia yasiyo na chumvi, maana chumvi haiondoki na mvuke, inabaki humohumo.

Sasa nikugeukie wewe. Nimeisoma barua yako mara mbili. Umenieleza joto la maji ya samaki, chumvi yake, mwani wake, mawe yake ya kujificha. Mjane aliyezika mumewe mwaka jana umemwelezea kwa maneno mawili tu: hakosi kitu. Hakosi kitu! Mwanangu, anakosa mtu. Umemwoa binti yake, sawa, ni haki yako, lakini sasa umemchukua hata wa kula naye. Nyie wawili mnacheka barazani, yeye yuko ndani peke yake na sahani, na kiumbe pekee kinachomsogelea akila ni hicho chenye mistari. Mzee anayemkaribisha unadhani ni nani? Peramiho alikuwa anamwambia nani "karibu, Mzee, tule" miaka yote hiyo? Niliposoma hapo niliweka miwani chini.

Sikuambii uvunje mila, na mimi mwenyewe nina wakwe. Lakini mila hizi wazee waliziwekea mlango. Mshenga aliyekupeleka kuposa yupo? Mtume tena, na kitenge kizuri na kuku, akamwombee mama ruhusa mle pamoja kama mama na mwanawe. Kwetu inafanyika hivyo, na kwenu nina hakika mshenga anajua pa kupitia. Akikubali, barazani hamna kazi tena. Asipokubali, Dorine atakula na mama yake kila jioni, na wewe utakula peke yako mpaka mama amalize matibabu. Koo lako litazoea. Mchana Dorine asimwache nyumbani, waende wote dukani, wale hukohuko.

Na usimkataze kulisha, mfundishe Dorine naye amwonyeshe mama yake. Samaki akianza tena kuhema vizuri, katakateni mwani vipande vidogo, mviweke kwenye kibakuli pembeni ya sahani ya mama. Yeye akimega tonge lake, Mzee apate mwani wake. Hapo hakuna atakayekula huku mwenzake anamtazama, na maji yako yatabaki safi.

Fanya haya wiki hii, usingoje wiki nyingine. Na siku utakayosikia kutoka mezani, "Karibu, Baba, tule," huyo siye samaki. Nawa mikono, uingie.

Shangazi Edna