Nilimsamehe Mwanafunzi Niliyemkosea

Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na naomba usome hadi mwisho ndipo unihukumu, ingawa ukinihukumu sitalalamika, kwa sababu mimi mwenyewe nimejihukumu wiki tatu nzima na sijapona.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha ufundi, mwanamume wa miaka arobaini na miwili. Kwa miaka kumi na minne nimefundisha jiografia na hakuna aliyewahi kunikuta sijui ninachosema, mpaka mwaka huu mkuu wa chuo aliponiita ofisini akaniambia mwalimu wa kompyuta ameondoka, kwa hiyo darasa lake nitalishika mimi, na tena nitalishika kwa mtindo mpya wanaouita ujifunzaji mseto, yaani wanafunzi wanaangalia somo la video kwenye simu zao wakiwa nyumbani, wanajibu mazoezi hukohuko kwenye simu, halafu siku mbili kwa wiki wanakuja darasani kushika vifaa kwa mikono na kuuliza maswali. Nikapelekwa mafunzo ya siku nane, nikarudi na cheti na begi. Ukweli ni kwamba nilirudi najua kuwasha na kuzima, na mengine nilikuwa nayasoma leo ili niyafundishe kesho, lakini hilo sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Somo la tatu lilikuwa vifaa vya kuingiza taarifa kwenye kompyuta na vifaa vya kutoa. Nikachukua mabeseni mawili ya kufulia, moja jekundu na moja la bluu, nikayapanga juu ya meza ya sebuleni, mke wangu akashika simu kunirekodi, nami nikawa nainua kifaa kimoja baada ya kingine: kibodi, hii unaandika na maneno yanaingia, beseni jekundu, kipanya, jekundu, maikrofoni, jekundu, printa, kazi inatoka kwenye karatasi, beseni la bluu, spika, bluu, skrini, bluu. Mwisho nikanyoosha vidole viwili nikasema kwa sauti ya kujiamini, "Mabeseni ni mawili, hakuna la tatu. Kila kifaa kina beseni lake moja."

Mke wangu alipozima kurekodi akaniuliza, "Sasa hii simu, mbona naigusa kwenye kioo inanielewa, na kwenye kioo hichohicho inanionyesha? Hii inakaa beseni gani?"

Nikamwambia ashike simu vizuri, mkono wake ulikuwa unatetemeka.

Video ikapendwa, mshauri, ikapendwa kupita kiasi, wanafunzi wakaisambaza, mkuu akaionyesha kwenye kikao cha walimu akasema hivi ndivyo anavyotaka, watu wakaanza kuniita Mwalimu Mabeseni, nami nikalipenda hilo jina kuliko nilivyowahi kulipenda la kwangu.

Sasa kuna mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, ana watoto wakubwa tu. Anafanya kazi kwenye steshenari, anatoa kopi na kuchapia watu barua, ndiyo maana wenzake wanamwita Mama Kopi. Shule aliiacha akiwa binti akalea wadogo zake, na siku anaandikishwa kwetu aliniambia amerudi kumalizia alipoishia. Siku ya darasani baada ya ile video, alinyoosha mkono.

"Samahani mwalimu," akasema, "ile mashine yangu ya kazini naweka karatasi juu, inaisoma na kuipeleka kwenye kompyuta. Halafu ileile inachapa. Mimi niiweke beseni lipi?"

Jibu sikuwa nalo, na watu thelathini na mmoja walikuwa wananitazama wakiamini ninalo. Nikasema, "Iweke kichwani, Mama Kopi, uende nayo nyumbani."

Walicheka, mshauri. Wengine walipiga madawati. Na yeye akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka aonekane ameumia, kisha akainama akaandika kitu kwenye daftari, ingawa hapakuwa na chochote cha kuandika.

Mchana ule nikafungua kitabu cha somo. Sikuhitaji hata kutafuta, ilikuwa kurasa mbili mbele ya pale nilipoishia kusoma: vipo vifaa vinavyoingiza na kutoa pia, na mifano ya kwanza ni skrini ya kugusa na mashine kama ile ya kwake. Nikiwa bado na kitabu mkononi, simu ikalia. Mama Kopi ameweka picha ya mashine yake kwenye grupu la darasa, na chini yake ameandika, "Mwalimu, sikukusudia ubishi. Nimepiga picha ili nielewe."

Nikaifuta ile picha. Nikayafuta na maneno yake. Nilikuwa najua yuko sahihi, kitabu kiko wazi mbele yangu, na kidole changu kikabonyeza. Kila nikifika hapo natamani ardhi ipasuke nizame.

Tangu siku hiyo hajakanyaga darasani. Lakini kwenye simu hajakosa hata somo moja, naona kila video ameifungua, kila zoezi amelijibu. Na kwenye zoezi la vifaa, palipoulizwa mashine ya kutoa kopi iko kundi gani, yeye anayeishika kila siku ya Mungu ameandika, "Kutoa tu, kama mwalimu alivyosema." Mimi nikampa vema.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio, uliotungwa nje ya chuo. Swali la tano: taja vifaa viwili vinavyoingiza taarifa na pia kuitoa. Karibu darasa zima wameandika hakuna. Mmoja ameandika, "Hakuna, mabeseni ni mawili." Mkuu akaniita kuniuliza kulikoni, nikamjibu bila hata kumeza mate, "Mkuu, hawa hawaangalii video. Wanaifungua tu na kuiacha icheze peke yake." Akawaita, akawafokea nusu saa nzima, nami nimesimama pembeni yake nimefunga mikono kifuani.

Jumamosi iliyopita nilijikaza nikaenda steshenari kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa maneno njiani. Nikafika, kuna wateja wawili, naye akainua macho akaniona, akafuta kiti kwa kitambaa.

"Karibu mwalimu, karibu ukae."

"Ahsante, sikai. Naomba kopi ya kitambulisho," nikasema. Hayo ndiyo yaliyotoka.

Akanitolea. Wateja walipoondoka, akanisogezea karatasi kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nimekuwa nataka kukuomba samahani. Siku ile nilikukatiza mbele ya watu. Sisi wengine shule tumeiacha zamani, tumesahau adabu za darasani. Nisamehe."

Mshauri, hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Usijali, yameisha. Nimekusamehe."

Akanishukuru! Nikatembea mpaka nyumbani na kopi yangu, sijui hata niliitupa wapi.

Sasa mezani kwangu ipo fomu ya kumfuta chuoni, maana anayekosa darasa wiki tatu hufutwa, na inasubiri sahihi yangu kufikia Ijumaa. Siku hiyohiyo mkuu anaipeleka video yangu kwenye vyuo vingine vinne ili ikawe mfano. Nikisema ukweli nitaanzia wapi, na nitasimamaje tena mbele ya darasa? Nikinyamaza, nitajitazamaje? Nisaidie.

Mwalimu mwenye aibu


JIBU LA MSHAURI

Mwalimu,

Marahaba. Nimesoma hadi mwisho kama ulivyoniomba, ila pale kwenye "nimekusamehe" niliiweka barua chini, nikaizunguka meza yangu mara mbili ndipo nikaweza kuishika tena. Umemsamehe! Mama wa watu umemfanya achekwe na darasa zima, umemfuta kwenye grupu, umempa vema kwa jibu ambalo wewe ndiye uliyemlazimisha kulikosea, halafu ukapokea na samahani yake ukaondoka nayo.

Nianze na lile nisilokulaumu. Kutojua si kosa lako. Mtu wa jiografia kupewa kompyuta kwa siku nane ni kuonewa, na aliyekupa ajue hivyo. Hata ule utani wako mbaya nauelewa, maana hofu ikimshika mtu hadharani mdomo hukimbia mbele yake. Ungerudi kesho yake ukasema, "Jana nilijibu ovyo, mama yuko sahihi," leo ungekuwa unaniandikia habari nyingine, au usingeniandikia kabisa. Lakini kidole kilichofuta ile picha hakikuwa na hofu, kilikuwa na kiburi. Na wale waliofokewa nusu saa kwa uvivu wasiokuwa nao, hao umewasahau kabisa katika kuomba kwako msaada. Mimi sijawasahau.

Unauliza uanzie wapi. Anzia kwenye fomu. Usiisaini. Masomo ya mseto yana nusu mbili, na huyu mama nusu ya simu ameitimiza kuliko wote. Andika hivyo kwa maandishi, na uandike pia kwamba ile nusu nyingine aliiacha kwa sababu yako.

Kisha nenda kwa mkuu, leo, usingoje akuite. Ingia na kitabu na karatasi za mtihani, umwambie, "Wanafunzi waliangalia video. Video ndiyo iliyokosea, na nilijua." Habari ya siku nane iache mpaka atakapokuuliza, kwa sababu ukianza nayo atasikia kisingizio tu. Akikunyang'anya darasa, mpe. Akikuachia, mwombe mtu anayeijua kompyuta akae nawe kila wiki kabla hujarekodi neno.

Rekodi somo upya. Mke wako alikuuliza swali zuri kuliko yote uliyoyauliza wewe, sasa mjibu huku anarekodi. Halafu uitume kwenye grupu lilelile, na chini yake uandike kwamba swali hili liliulizwa na mwanafunzi, kwamba ulilifuta ukijua yuko sahihi, na kwamba darasa lilifokewa kwa kosa lako. Usiseme "kulitokea hitilafu." Hakukutokea kitu. Ulifanya wewe.

Yeye umwendee mwisho, na si steshenari. Pale ni kazini kwake, lazima akuchekee, hawezi kuondoka. Mtumie ujumbe, mwulize kama yuko tayari kuzungumza nawe na achague mwenyewe mahali. Ukifika, mrudishie samahani yake: mwambie haikuwa yake kuitoa wala yako kuipokea. Usilie mbele yake ili aanze kukubembeleza. Usimwombe akuambie kwamba yameisha. Sema, nyamaza, msikilize, hata akisema yasiyopendeza.

Wasomaji wangu, jibu hili nilimtumia mwalimu kwa simu siku ya Jumatano, maana gazeti lingemkuta amechelewa. Jana amenipigia. Mkuu alikasirika, akaizuia ile video, akamwita mwalimu wa chuo jirani aje kumsaidia, na darasa amemwachia hadi mwisho wa muhula, baada ya hapo wataona. Fomu imechanwa. Kwenye grupu, baada ya yeye kuandika, hakuna aliyemjibu siku nzima, na anasema kimya hicho kilimuuma kuliko kufokewa. Mama Kopi hakutaka waonane. Amemwandikia mistari miwili tu: "Nimesoma, mwalimu. Jumanne nitakuja, ila nitakaa nyuma karibu na mlango."

Mwalimu akaniuliza atafanyaje ili amrudishe mbele.

Nikamjibu: Hutamrudisha. Akae anapotaka kukaa. Wewe fundisha kwa sauti inayofika mpaka mlangoni, na siku akinyoosha mkono, mwache amalize.