Mlango Niliouweka Mimi Umemvunja Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijashika tena msumeno, maana mikono ni mizima lakini moyo umekufa ganzi, mke wangu ananiuliza mbona sahani inarudi jikoni kama ilivyotoka na mimi namjibu ni uchovu tu.

Mimi ni fundi wa nyumba, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na bila kujisifu, nyumba zangu hazivuji. Mwaka jana bwana mmoja mwenye farasi alinipa kazi ya kumjengea banda, na aliyenipigia debe nikaipata ni mtunza farasi wake, ambaye ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike. Bosi alitaka banda la kisasa lisilopoteza hata shubiri moja ya nafasi, nami nikalala na mchoro nikaamka nao, nikaweka ghala la majani makavu mbali kidogo ili moto ukizuka usiwafikie wanyama, bomba la maji likafika kila kizimba, sakafu nikaipa mteremko mkojo utiririke wenyewe hadi kwenye mfereji, na juu nikaacha matundu ya hewa marefu. Watu walikuja kulitazama wakanipa heko, na mimi kichwa kikavimba.

Lakini kiwanja kile ni chembamba, mshauri, kwa haki kilitosha safu moja tu ya vizimba, na mimi nikatia mbili, vitano huku na vitano kule, kwa kuubana ujia wa katikati. Ujia ukiwa mwembamba milango haiwezi kufungukia nje, itaziba njia, basi nikaifunga yote ifungukie ndani kama ya vyumba vya kulala, kwa sababu ndivyo nilivyozoea tangu nijifunze kazi. Shemeji alifika na toroli lake, akasimama pale akatazama, akasema, “Shemeji, milango hii igeuze. Farasi akilala nyuma ya mlango, utaingilia wapi?” Nikamjibu mbele ya vibarua, “Wewe shika chepe la samadi, milango niachie mwenyewe.” Wakacheka, na yeye akacheka, kisha akasema taratibu, “Basi angalau iwe ya kusukuma pembeni, juu ya reli.” Nikamwambia hiyo ni milango ya bohari, mimi sijengi bohari.

Wiki tano zilizopita, asubuhi, farasi jike mmoja alishikwa na tumbo, akajitupa chini mgongo ukaegemea mlango. Shemeji alisukuma, haukusogea hata upana wa kidole, mbao nilizoweka ni ngumu, basi akapanda ukuta wa kizimba akashukia ndani ili amfunge kamba amvute, na yule mnyama kwa maumivu akajiviringisha akambana ukutani. Wenzake walipomaliza kuuvunja mlango kwa shoka farasi alikuwa amekufa, na shemeji nyonga imesagika. Daktari amesema hatatembea tena bila magongo.

Bosi aliniita, akaniuliza mbele ya wafanyakazi wote, “Fundi, shemeji yako anadai mlango ndio uliomponza. Mlango una kosa?” Mshauri, nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Nikasema, “Hauna kosa, bosi. Umefungwa sawasawa.” Kwa maneno hayo shemeji akaonekana mzembe aliyechelewa kumwona mnyama mgonjwa, akafukuzwa kazi, na chumba wanachokaa uani kwa bosi wanatakiwa wakiache mwisho wa mwezi huu.

Kisha mdogo wangu akanifuata kazini, akasimama kwenye lundo la kokoto, akasema, “Kaka, mimi sijui ujenzi, niambie wewe tu. Mlango ule una kosa?” Nikamjibu vilevile. Akasema, “Haya, nimesikia,” akaondoka, na tangu hapo anamsema mumewe kwamba uzembe wake umewatia mtaani, nimemsikia kwa masikio yangu nilipokwenda kumjulia hali mgonjwa, na shemeji amelala kimya, hamwambii hata kwamba alinionya, ananitazama tu halafu anageukia ukuta.

Sasa bosi ameleta mtunza mwingine, na mimi ananitaka nimjengee banda la pili kwa mchoro uleule. Nimewaza nilijenge hili vizuri, ujia mpana, milango ya reli, bila kusema neno kwa mtu, na iwe ndiyo toba yangu. Je, haitoshi? Nisaidie, naangamia.

Fundi mwenye mzigo

*

Fundi,

Haitoshi. Nakujibu hilo kwanza usije ukasoma gazeti hili ukilitafuta katikati ya mistari.

Pole, na naisema pole hiyo kwa dhati, kwa sababu mtu asiye na moyo asingeandika. Kukosea mlango si dhambi. Ulijenga banda la wanyama kwa macho ya mtu aliyejenga vyumba vya watu maisha yake yote, na kosa kama hilo linasameheka. Ulipoanza kuoza ni pale ulipoulizwa. Umeulizwa mara mbili, na mara ya pili aliyekuuliza ni damu yako, alikuja kwako akiwa amekuamini kuliko mumewe, ukamrudisha nyumbani na uongo akampigie nao mgonjwa kitandani. Mnyama alimvunja shemeji yako nyonga. Ndoa yake unaivunja wewe.

Na unajua kwa nini hasemi? Wewe unadhani ni hasira. Mimi nadhani anamhurumia mkewe, hataki apoteze mume na kaka kwa mpigo. Huyo uliyemwambia ashike chepe anakusitiri hadi leo, akiwa hawezi kujigeuza bila kushika ukuta. Ona aibu kidogo, itakusaidia.

Sasa sikiliza. Anza kwa mdogo wako, tena mbele ya mumewe, wote wawili wakusikie. Mwambie, “Uliniuliza nikakudanganya. Mlango una kosa, na mumeo alinionya.” Usianze kwa kusema bosi alikosea, wala kwamba kiwanja ni chembamba. Akikutukana, pokea. Akikufukuza, toka, ila kesho yake urudi. Usiombe msamaha siku hiyohiyo, kwa sababu utakuwa umewapa uliowakosea kazi ya kukutuliza wewe.

Ukitoka hapo nenda kwa bosi, usingoje mwisho wa mwezi. Mpeleke bandani, mweke nje ya kizimba kitupu, wewe ndani lundika magunia ya chakula nyuma ya mlango, umwambie asukume. Mkono wake utaelewa upesi kuliko masikio. Kisha sema alichokuambia shemeji kuhusu reli na ulivyomjibu, sema mbele ya wafanyakazi walewale uliosema uongo mbele yao, na udai chumba kile kibaki mikononi mwa familia ile na jina la mtu yule lisafishwe. Yawezekana bosi akakunyang'anya kazi ya pili. Akunyang'anye. Na akikuachia, usichore mstari hata mmoja kabla hujaketi kando ya kitanda cha shemeji ukamwuliza farasi analalaje, anageukaje, anaogopa nini. Yeye ndiye anayejua, wewe unajua mbao.

Nimebakiza jambo moja, na hili ndilo lililonifanya nikujibu wiki hii nikaacha barua nyingine zingoje. Umeniandikia kurasa tatu za majuto, na katika kurasa zote hizo hujasema kwamba umeibadilisha ile milango tisa iliyobaki. Kuna mtu mpya anaingia mle kila asubuhi, hajui lolote, na hakuna aliyemwonya. Weka gazeti chini. Chukua bisibisi uende ukaing'oe leo.