Santuri za Baba Ukutani kwa Kinyozi

Shoga, uko wapi? Baba kazikuta santuri zake kwa kinyozi. UKUTANI!

Zile za muziki wa jazi na bluzi, alizokusanya miaka thelathini, ambazo hata mama haruhusiwi kuzipangusa vumbi.

Alikwenda kunyolewa tu. Kakaa kitini, povu kidevuni, kuinua macho kwenye kioo, anaziona kumi na mbili zimepigiliwa nyuma yake.

Akauliza kwa upole, "Hizi umezitoa wapi?"

Kinyozi huyo kwa furaha: "Dada yako kaniletea mapambo, mzee. Anasema zinawajazia nyumba bure."

Shangazi! Bure! Yaani shangazi yangu mimi!

Baba akamwambia hayo si mapambo, ni muziki. Unajua kinyozi kajibu nini? "Lakini mzee, tundu la msumari zimekuja nalo."

TUNDU LA MSUMARI. Mpaka sasa siamini.

Baba kasimama na povu lake, akaanza kuzing'oa kwa mikono, kwa hasira. Ile ya tarumbeta, aliyoitafuta miaka sita, ikapata ufa mikononi mwake mwenyewe.

Sasa yuko sebuleni, ndevu upande mmoja. Shangazi kaja, anasema, "Kaka, nisamehe, nitakutafutia nyingine." Baba kaiweka ile yenye ufa kwenye gramafoni. Tarumbeta ikaanza, ikaruka, ikarudi palepale, ikaruka tena.

Shangazi akauliza taratibu, "Ndivyo ilivyo?"

Baba hakumtazama. Akasema, "Ilikuwa inaendelea."