Mlango wa Wekesa

Jumatatu, 3 Novemba
Nimepeleka watoto wa madamu shule. Gari nimeosha. Sasa kazi yangu kubwa: jarida letu la mtaa huu, Taa ya Muaither. Mwanzilishi ni mimi. Shule niliachia darasa la tatu, lakini nionyeshwe dereva mwingine hapa Doha mwenye jarida. Fridah, nesi, ndiye anachapa kwa kompyuta. Jumamosi anarudi Kenya kabisa. Kwa hivyo toleo la nne ndilo la mwisho. Inaniuma.

Hadithi ya Wekesa haijafika. Huyu ni soja, analinda majengo huko West Bay. Ndani ya hadithi, mtu alimtoroka mama yake, miaka ikapita, akarudi, akabisha. Toleo la tatu liliishia hapo. Na mimi nikaapa kwa jalada: mtajua kama mama alifungua.

Jumanne, 4
Simu ya Wekesa imezimwa. Mama Nakato, mpishi wa jirani, kanisimamisha getini. "Mzee, huyo mama alifungua ama alikataa? Mimi niko na mtoto nyumbani Masaka, hata sura yangu hajui." Nimemwambia asubiri toleo la nne. Na mimi mwenyewe sijui!

Jumatano, 5
Nimeenda West Bay. Masoja wamenicheka. "Mzee, mtu wako alienda Kenya kitambo!" Bila kuniaga. Hasira.

Nimejaribu kumalizia mwenyewe. Mistari miwili. Nimechana.

Alhamisi, 6
Wekesa amepiga. Yuko Webuye, amepanga chumba karibu na kwa mama yake. Kumbe mtu wa hadithi ni yeye. "Mzee, nitaandikaje mwisho na bado sijabisha?" Nimemfokea, nenda ubishe! Amekata simu.

Fridah anataka tuweke hadithi nyingine. Nimekataa. Kichwa cha hadithi ya Wekesa, chini ukurasa mweupe, basi. "Aki wewe mzee una kichwa ngumu!" Ndiyo. Jarida ni langu. Amechapa akinuna.

Jumamosi, 8
Fridah ameenda. Nakala ziko kwa boksi chini ya kitanda. Sijagawa hata moja. Naona aibu.

Jumatatu, 10
Picha kutoka kwa Wekesa imeingia kwa simu. Meza. Vikombe viwili vya chai. Mkono wa mama mzee umeshika birika. Maneno hakuna.

Nimevuta boksi. Mwandiko wangu ni mbaya, haujawahi kuingia kwa jarida. Leo umeingia. Kila ukurasa mweupe nimeandika kwa kalamu: Alifungua.

Vidole vinauma. Ya kwanza nampelekea Mama Nakato.