Pingili za Saa ya Baba

Jumatano, Bukoba

Nimewaficha watu wote kwamba saa ninayovaa ni ya marehemu baba, ile iliyopotea wiki aliyofariki.

Leo Rwegasira, mtoto wa mdogo wangu, alinipeleka kwa fundi saa. Pingili mbili za mwisho, zinazoshika mkanda wa chuma kwenye saa, zilikuwa zimelegea na zikinifinya ngozi. Fundi aliweka mpya.

"Mzee, hizi za zamani hazikuwa za saa hii. Nani alikufungia?"

"Huyu ni msomi," Rwegasira akadakia. "Labda alijifungia mwenyewe."

Wakacheka. Nilijifungia mwenyewe, ndiyo. Mkanda wa baba ulikuwa umechorwa jina lake, nikautupa chooni.

Saa ilipopotea, tulimshuku Koku, mama yake Rwegasira, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimwogesha baba. Aliniangukia miguuni. "Shemeji, wewe umesoma, watakusikiliza. Nitetee."

Nilimwambia arudi kwao Izigo akawaibie ndugu zake. Mtoto tulibaki naye, maana kwetu mtoto ni wa ukoo. Alikuwa bado ananyonya. Koku alifia huko bila kumwona tena.

Tulipotoka kwa fundi, Rwegasira alinishika mkono nisianguke. "Baba mkubwa, sasa imekukaa vizuri."

Nikamshukuru. Nilitaka kumwambia, lakini nani atanishika mkono kesho akishajua...

Wala sikuiiba. Baba alinikabidhi saa ile mwenyewe, akiwa bado na akili zake, akaniambia nimpe Koku.