Sahihi ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu kanivamia ofisini hata chai sijamaliza. Anafundisha watoto viziwi. Sasa anataka kumi wa kwake wachanganyike na wale wanane wangu wanaosikia, wa gofu ya Jumamosi. Darasa moja, mikeka ileile. Nikamwambia mimi nasimamia uwanja wa kujifunzia gofu, lugha ya alama siijui hata ya kuombea maji. Akasema, "Dada, wewe fungua geti tu."

Nimekubali. Simuwezi huyu tangu ana miaka mitatu.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu wangu! Watoto kumi na wanane, kila mmoja na fimbo ya chuma mkononi.

Wiki nzima nimejifunza alama ya "karibuni". Nikaifanya kwa madaha yote. Wakaanguka kwa kicheko — kumbe nimewaambia wakaoge!

Wanaosikia walijitenga huku, viziwi kule, kama wakwe wanaooneana haya. Nikawapanga wawili wawili kwa nguvu. Nusu saa haijapita wanagombania kigingi kimoja cha kuwekea mpira. Maendeleo hayo.

Kuna binti wa miaka kumi na moja, mwembamba kama ufagio. Mpira wake wa tatu ulipita kibao cha mita mia. Nilisahau kufunga mdomo.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji kaja. Kaka wa marehemu mume wangu na, kwa mkosi wangu, mwenyekiti wa klabu. Kasikia habari. Ni hatari, anasema: nikiingia na trekta kukusanya mipira, wasiosikia wataambiwaje waache kupiga?

"Shem, wakikutwanga kichwani nitawaambia nini wanachama?"

Alivyosema, nadhani alikuwa analihurumia trekta. Anataka Jumamosi zirudi kwa wakubwa.

Nimesimamisha bendera nyekundu. Ikipanda, fimbo chini. Kwa wote!

Jumamosi, 15 Machi

Bendera ikapanda. Watoto kumi na wanane, fimbo chini, hata mmoja hakutikisika. Nikaingia na trekta, roho mkononi.

Paa! Mpira kwenye wavu wa trekta, karibu kabisa na sikio langu. Nikageuka na matusi yangu tayari — Shemeji! Yuko mkeka wa mwisho, simu kaibana begani, anapiga huku anaongea.

"Samahani shem, sikusikia."

Hakusikia! Bendera! Nilicheka hadi nikaegemea usukani. Watoto nao walicheka, na safari hii hakuna aliyehitaji mkalimani.

Alhamisi, 20 Machi

Aibu imemlainisha. Atakuja Jumamosi kuwatazama mwenyewe. Akiridhika, anasaini fomu ya ruhusa: mwaka mzima. Asiporidhika, ndiyo basi.

Mdogo wangu alilia kwenye simu. Nikamwambia aache upuuzi. Kisha nikakata, nikalia na mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika mbiombio, ofisini, mlango nimeurudishia.

Mambo yalikuwa yananyooka! Watoto wamepiga vizuri, Shemeji kapiga makofi, fomu kaitoa. Kisha shetani akamwambia achukue fimbo, awaonyeshe wanavyopiga wakubwa. Mpira wa kwanza kushoto. Wa pili kulia. Wa tatu haukutoka.

Yule binti mwembamba akamwendea. Hakuomba ruhusa — akamnyoosha kiwiko, akarudi nyuma, akamwambia jambo kwa mikono. Shemeji katabasamu meno yote. Fomu mkono huu, kalamu mkono ule.

"Shem, anasema nini?"

Alichosema, na baada ya wiki mbili za kufundishwa alama na mdogo wangu kila usiku nimekielewa neno kwa neno: "Unapiga kama mtu anayeua nyoka chooni."

Nikafungua mdomo niseme anakusifu. Mdogo wangu akanifinya, akaninong'oneza, "Dada, huyo anasoma midomo."

Nikamtazama binti. Macho yote kwenye midomo yangu. Na ni mimi, asubuhi hii hii, niliyewahubiria kwamba gofu haina refa, kila mtu aseme ukweli hata ukimuuma! Kinywa changu hiki!

Nikasema ngoja nichukue miwani. Nimeivaa tangu asubuhi.

Shemeji anagonga. "Shem, umeiona? Mtoto anasubiri."

Kweli anasubiri. Namwona hapa dirishani, kaganda palepale, kidevu juu. Mdogo wangu kafumba macho. Haya, nafungua mlango, sijui hata nitaanza na neno gani.