Kisu cha Samaki

Mjukuu wangu Achieng,

Hapa Kaloleni tu wazima, na mguu wa babu yako umepona. Umeuliza kama siogopi kuwasindikiza nyumbani watu waliomaliza kifungo.

Nilipokuwa msichana, kaka yangu alifungwa kwa kumdunga mtu kisu. Siku aliyoachiliwa, majirani walijaa uani, wakasimama mbali wakimtazama. Mama yetu akaleta samaki, akampa kisu mbele ya wote. "Toa magamba, wageni wana njaa." Kaka akaanza kuwaparua. Alipofika kwa samaki wa tatu, watu walikuwa wameketi.

Kesho nampeleka kijana mmoja kwao Obunga. Majirani wamesema hawamtaki. Nitaenda. Samaki nimeshanunua, kisu nimekinoa, na atakayekishika ni yeye.

Dani yako